Nilikataza mama yetu kuogeshwa na wageni huko Ulaya

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio huku jangwani pamoja nami.

Hii story nimeianza mara nne na kuifuta mara nne. Leo ni Ijumaa, bosi amesafiri, gari nimeshaliosha, sina kisingizio tena. Majina nimebadilisha na nchi ya Ulaya siitaji, ila mengine yote yalitokea hivi hivi nitakavyoyaandika. Pale nilipokosea sitapaka rangi.

Wale wa siku nyingi humu jukwaani mnanijua. Mimi ndiye yule dereva wa Riyadh ambaye kila ukifunguliwa uzi kuhusu wazungu na familia, lazima nipite niache paragrafu tatu. Kwamba wazungu wamewaachia wataalamu maisha yao yote. Mtoto akilia wanafungua kitabu, mzee akizeeka wanaita kamati. Nilikuwa na mistari yangu na nilijua ni ipi itapata likes.

Nijieleze kidogo. Mimi ni Mkisii wa Nyamira, baba yake Sharon, miaka arobaini na saba, mzaliwa wa kwanza. Baba alishafariki, kwa hiyo kwetu neno langu ndilo linalofunga mjadala. Hilo liwekeni akilini.

Riyadh niko mwaka wa tisa. Nilianzia mtaa wa Al-Shumaisi, Wakenya sita chumba kimoja, mpaka nikapata kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, huyu wa sasa na kuhamia chumba cha dereva kando ya geti lake. Ijumaa nikipata nafasi bado narudi Shumaisi kula ugali na kubishana.

Bosi anaishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye miguu imekataa. Sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa wa nyumba. Anayemtunza ni dada mmoja wa Kitui, nimwite Mwende. Anamwogesha, anamvalisha, anamgeuza kitandani, anamkata kucha. Mimi nawapeleka hospitali na popote wanapotaka kwenda.

Sasa twende kwa mama yetu.

Mdogo wangu Nyamweya anaishi Ulaya, kule juu kwenye baridi, na mkewe Kerubo na watoto wao wawili wa kiume. Baba alipofariki walimchukua mama akakae nao. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa poa kabisa. Mama alijifunza kupanda basi peke yake, akaotesha sukuma wiki kwenye ndoo pale roshani, majirani wazungu wakawa wanakuja kuomba majani.

Halafu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala.

Kabla hospitali haijamruhusu kutoka, manispaa ilituma wataalamu nyumbani. Mmoja alipima upana wa mlango wa bafu. Mwingine alijaza fomu ndefu, analalaje, anakulaje, anaenda choo vipi. Wakatoa mpango ulioandikwa: kitanda cha hospitali, godoro maalum la hewa, na walezi wa manispaa kuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumgeuza.

Nyamweya akanipigia. Nilikuwa nimeegesha nje ya duka la dawa nikimsubiri madam, mke wa bosi.

"Bro, wanasema waanze Jumatatu. Wewe unaonaje?"

Nikamuuliza hao walezi ni akina nani. Akasema wanabadilishwa, leo huyu kesho yule, wengi ni vijana. Nikauliza kama ni wanawake. Akasema ameomba waje wanawake, wakamjibu kwamba watajaribu lakini hawawezi kuahidi, maana kwa sera yao mlezi ni mlezi tu.

Wakuu, niliwaka moto. Na mpaka leo, kwa hilo moja, nadhani nilikuwa na haki ya kukasirika. Mwanamke wa Kigusii wa miaka sabini na tatu avuliwe nguo na kijana wa kiume ambaye hata salamu yake haijui, halafu mtaalamu akwambie ndiyo huduma bora?

Kosa ni kwamba sikumwambia Nyamweya apiganie walezi wa kike. Nilikataa mpango mzima.

"Waambie mama ana familia," nikasema. "Halas, basi."

Kwa wasio Wakisii nieleze, maana bila hili hamtanielewa. Kwetu kuna heshima inaitwa chinsoni. Kati ya mzazi na mtoto wake mkubwa, na kati ya wakwe, kuna mipaka ya mwili. Mwana haingii chumba cha kulala cha mama yake. Mke wa mwana haoni mwili wa mama mkwe. Haihusiani na kinyaa. Ni adabu ambayo umelelewa nayo, na ukiivunja hata pasipo mtu kuona unabaki na hofu kwamba umejiitia balaa.

Kwa hiyo Nyamweya haruhusiwi kumwogesha mama. Kerubo haruhusiwi. Wajukuu ni wavulana. Hayo yote niliyajua wakati natamka neno familia.

Nyamweya naye aliyajua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nani atamwogesha?"

Nikamjibu tutamleta Moraa. Huyo ni dada yetu wa pekee, yuko Nyamira. Nilisema kama vile Moraa angeamka kesho apande boda mpaka Ulaya.

Viza ya Moraa ilikataliwa. Tukaomba tena, tukaambiwa tusubiri.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa hivi. Kila asubuhi Kerubo alichemsha maji, akayapeleka chumbani kwa mama kwenye beseni pamoja na kitambaa na sabuni, akageuka na kufunga mlango. Mama alijipangusa kwa mkono mmoja wa kushoto pale ulipofika. Uso, shingo, kifua. Baada ya nusu saa Kerubo aligonga, akaingia kuchukua beseni huku ameangalia chini.

Mimi kwenye video call nilimwona mama amefunga kitambaa kizuri kichwani, uso unang'aa mafuta. Nikimuuliza hali, anasema yuko salama, Mungu ni mwema. Nikawa naridhika.

Wiki chache baadaye yule mtaalamu wa ustawi wa jamii akarudi na mkalimani. Akamwomba Nyamweya asubiri jikoni, kwa sababu utaratibu wao ni kwamba mtu mzima anaulizwa peke yake, asije akashinikizwa na ndugu. Nyamweya alisikia kila kitu kupitia ukuta.

Wakamuuliza mama kama anataka walezi. Mama akasema, "Mwanangu mkubwa amesema hapana."

Wakamwambia wanataka kujua anachotaka yeye mwenyewe. Mama akajibu, "Mimi nataka anachotaka mwanangu."

Wakaandika kwamba mteja amekataa huduma kwa hiari yake, wakaacha karatasi yenye namba ya simu, wakaenda. Kwa wataalamu wale, hapo walikuwa wameheshimu uhuru wa mama. Hawakujua kwamba mama yetu hajawahi maishani mwake kujibu swali la namna hiyo akiwa peke yake. Na mimi niliyekuwa najua, nilifurahi.

Nilifurahi mpaka nikaandika uzi humu. Mtaukumbuka, "Mama yangu awashinda wataalamu wa kizungu." Mlinipa hongera kurasa sita. Nikausoma mara mbili tatu pale Shumaisi kwa sauti, jamaa wakinipigia makofi.

Kipindi hicho familia ya bosi ikaenda Jeddah kwa dada yake, likizo ya shule. Wao walipanda ndege. Mimi niliendesha gari kutwa nzima, nimebeba masanduku, kiti cha magurudumu na godoro la hewa la Mama Kabira. Lile godoro nililifunga kwa blanketi mbili lisije likatoboka. Wala haikunijia akilini kwamba mama yetu aliandikiwa godoro kama hilo hilo.

Alasiri moja Mama Kabira akataka kuona bahari. Nikawapeleka yeye na Mwende. Tulipofika tu, Mwende akaniambia nishuke kwenye gari haraka. Bibi alikuwa amejichafua.

Akanipa shuka nilishike juu ya dirisha la nyuma, nisimame nimewapa mgongo. Nikasimama. Watu wanapita na watoto wao na baiskeli, mimi nimeshika shuka kama mwuza mitumba.

Nyuma yangu namsikia Mwende anaongea na bibi kwa Kiarabu chake cha jikoni. Kabla ya kufanya kitu anamwambia kwanza. Sasa nageuza mguu, mama. Sasa maji, ya baridi kidogo. Bibi analalamika, Mwende anamtania, bibi anacheka. Muda mfupi tu, halas, mlango ukafunguliwa. Bibi amekaa na abaya safi, ananiambia yalla, nimsogeze aone maji.

Baadaye Mwende akasimama kando akijipangusa mikono. Nikamwambia, nikidhani ni sifa, kwamba kazi yake mimi siiwezi. Nikaongeza kwamba ndiyo maana kwetu tumekataa mama asishikwe na wageni. Nikamsimulia yote, na ule uzi wangu pia.

Mwende akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa mama yako anaogeshwa na nani?"

"Na familia."

"Familia nani, Baba Sharon? Nitajie jina."

Nikaanza kufuta kioo cha gari.

"Nimeishi na Wakisii mimi," akasema. "Huyo mke wa ndugu yako hawezi. Ndugu yako hawezi. Kwa hivyo hakuna mtu."

Nikamwambia mama anajipangusa mwenyewe.

"Mgongo anajipangusa? Kiuno? Mtu amelala upande mmoja miezi mitatu, umewahi kuuliza kiuno chake kikoje? Mwambie huyo mke wa ndugu yako amgeuze aangalie. Leo."

Halafu akanionyesha Mama Kabira kwa kidevu. "Mimi ni nani kwa huyu? Si mgeni? Hata dini yangu si yake. Na kila siku nasikia wewe ukimwambia bosi kwamba mama yake ametunzwa vizuri."

Wakuu, ningekuwa mtu mwenye akili ningepiga simu pale pale. Nilikasirika. Mwanamke wa Kitui anifundishe mambo ya mama yangu? Nikamwambia kila mtu ashughulike na kwao, nikaingia kwenye gari nikawasha AC.

Sikumpigia Nyamweya siku hiyo, wala kesho yake. Siku kumi na moja zilipita. Kila nikishika simu naona uso wa Mwende, nairudisha mfukoni. Kama kuna kitu kimoja maishani ningepewa nikirudie, ni hizo siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Nyamweya akapiga yeye. Mama alikuwa amepata homa kali, anaongea vitu visivyoeleweka. Ambulensi ilikuja. Wauguzi walipomgeuza wakakuta kidonda chini ya mgongo, kile cha kulalia, kimeingia ndani sana. Uchafu wake ulikuwa umefika kwenye damu.

Kerubo alikuwa ameona doa kwenye shuka wiki iliyotangulia. Alifikiri ni chai. Akaogopa kuinua nguo aangalie, kwa sababu ya ile heshima, na kwa sababu shemeji mkubwa alishasema.

Dawa zikashusha homa. Siku ya tatu Kerubo akanipigia video kutoka wodini. Nilikuwa nimeegesha nje ya Bandari ya Jeddah, bosi ameingia ofisini kufuatilia mzigo wake. Kerubo akaelekeza simu kwa mama.

Uso ulikuwa umeisha. Lakini alikuwa anatabasamu kwa ule upande mmoja.

"Tata," akaniita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Leo wameniogesha. Maji ya moto mpaka mgongoni."

Nikasema vizuri mama.

"Ni msichana na kijana. Huyo kijana ananishika bega tu, anaangalia ukutani. Wana adabu." Akapumzika. "Nilikuwa nanuka, tata. Nilikuwa najisikia mwenyewe. Nikaona haya kumwambia mtu."

Nikazima AC ya gari nimsikie vizuri.

"Wamesema kesho watakuja tena," akasema. "Nakuomba uwakubalie."

Mama yangu mzazi, wakuu. Aliyenizaa na kuniogesha mimi. Ananiomba ruhusa ya kuogeshwa.

Nikamwambia ndiyo mama, kila siku, mara mbili, hata mara tatu. Nilikuwa nalia na simu iko usoni, sikujificha. Bosi aliporudi kwenye gari akanitazama, akauliza "mushkila?", kuna shida? Nikasema mafi, hakuna.

Mama aliishi siku tisa zaidi. Kerubo anasema kila asubuhi alikuwa anauliza kama wale vijana wameshafika.

Bosi alinipa ruhusa ya kwenda nyumbani bila maneno mengi. Mwili ulisafirishwa Nyamira na Nyamweya akaja pamoja nao, Kerubo akabaki na watoto kwa sababu ya shule. Akina mama wa rika lake ndio waliomwosha na kumvalisha. Walipotoka, shangazi yetu akanivuta kando ya tangi la maji.

"Kile kidonda cha mgongoni kilitoka wapi?"

Nikamwambia ni ugonjwa.

Shangazi akatikisa kichwa. Akasema ugonjwa hauli mtu hivyo, kile ni kidonda cha kuachwa. Kufika jioni maneno yalikuwa yamezunguka boma zima kwamba Kerubo alimwacha mama mkwe wake akaoza huku yeye akifuata maisha ya kizungu. Nyamweya akaniangalia. Alikuwa anasubiri mimi niseme, maana ni mimi niliyeamua, na mbele ya wazee hawezi kunitangulia kunena.

Nilizungumza kwenye mazishi kama mzaliwa wa kwanza. Nilishukuru waliokuja, nikashukuru kwaya, nikashukuru majirani kwa kuni na maji. Kerubo sikumtaja. Maneno yale yakabaki yalivyo mpaka nikapanda ndege kurudi Riyadh.

Nimekaa na hili miezi mingi sasa. Niwaambie nilichojifunza.

Wataalamu wa wazungu wana upofu wao na sitawasafisha. Kumtuma kijana wa kiume kwa bibi wa watu na kuita hiyo usawa, huo ni upofu. Kumfungia mama mlango na mkalimani na kudhani umepata moyo wake, huo nao ni upofu. Nchi yenye fomu ndefu vile ilikosa nafasi ya kuandika kwamba mgonjwa huyu hataki kumkosea mwanawe.

Lakini chinsoni haikumwua mama. Pale Nyamira bibi akiugua, hao waliozuiliwa wanakaa kando na wanawake wa rika lake wanakuja. Wanafunga mlango, wanamwosha, wanaimba, wanatoka. Heshima yetu ilikuja na watu wa kuifanya kazi. Mimi nilipeleka Ulaya makatazo peke yake, wale wanawake nikawaacha kijijini. Kisha wakapatikana wengine wa kufunga mlango na kumwosha, nikawafukuza kwa simu, kutoka kwenye gari la mtu ambaye mama yake anaogeshwa na Mkenya.

Nilikuwa napigania mila? Nadhani nilikuwa napigania kuwa mzaliwa wa kwanza. Nikiwa huku bosi ananiambia fungua mlango nafungua, madam ananiambia ngoja nangoja. Mahali pekee nilipobaki na sauti ilikuwa kwenye simu ya Nyamweya, nikaitumia vibaya.

Mwende nilimwomba msamaha niliporudi. Alinikubalia, akanipa chai. Hatujaongea tena kuhusu jambo hilo.

Kerubo nilimpigia juzi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, akanikata katikati. "Shemeji, mimi najua kilichotokea. Nyumbani ndiko hawajui. Usiniambie mimi."

Kwa hiyo Jumamosi hii nimeomba shangazi aite watu pale nyumbani, nitakuwa kwenye simu, Nyamweya pia. Nitawaambia kwamba kile kidonda ni cha kwangu. Nimeanza kuandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma, maana najijua.

Mliopitia kitu kama hiki na wazazi walio mbali, karibuni mseme mlifanyaje. Walezi mlio Ulaya, mkiogesha mama za watu, nyinyi hasa nataka kuwasikia. Na wenye matusi leteni, nitasoma yote na sitajibu hata moja.

Ila atakayeandika neno baya juu ya Kerubo, huyo nitamjibu.